Upawa wa Rangi ya Buluu: Kwa Wanaokwenda Kufanya Kazi Jikoni Katika Kambi za Kiyahudi Marekani

Shule zinapofungwa Marekani, watoto na vijana wengi wa Kiyahudi hupelekwa kwenye kambi zilizo msituni au ukingoni mwa ziwa, wakakaa huko majuma kadhaa wakiogelea, wakicheza, wakiimba na kusali kwa Kiebrania. Utaratibu huu ni wa zamani: kambi ya Surprise Lake, iliyoko Cold Spring katika jimbo la New York, ilianza mwaka 1902, na kambi ya kwanza ya Ramah, mtandao wa kambi za Kiyahudi, ilifunguliwa katika jimbo la Wisconsin mwaka 1947. Mimi nimefanya kazi misimu miwili katika jiko la kambi mojawapo, na nawaandikia ninyi mnaofunga mabegi kwa mara ya kwanza.

Kwanza hakikisheni aina ya viza, kwa sababu viza ya walezi wa watoto kambini haimruhusu mtu kuajiriwa kama mpishi au mwosha vyombo. Wa jikoni huingia kwa mpango wa wanafunzi wa vyuo wanaofanya kazi wakati wa likizo.

Mkishafika, jifunzeni vyombo kabla ya mapishi. Sheria ya Kiyahudi hairuhusu nyama na maziwa kupikwa wala kuliwa pamoja, kwa hiyo jiko lina sufuria, visu, sponji na hata masinki ya aina mbili; kwetu vyekundu vilikuwa vya nyama na vya buluu vya maziwa, huku vya kijani vikiwa vya samaki, mayai na mboga, ambavyo havina upande. Aliyezoea jiko la halali asidhani ameshamaliza somo, kwani nyama inaweza kuwa halali kabisa na bado ikaharibiwa na kijiko. Katika juma langu la pili nilichukua upawa wa buluu, uliokuwa umetoka kwenye supu ya krimu asubuhi ile ile, nikakoroga nao mchuzi wa nyama uliokuwa ukichemka. Msimamizi wa kidini hakunigombeza. Alizima moto, akaniuliza upawa ule ulitumika lini mara ya mwisho, kisha sufuria nzima, chakula cha watu wapatao mia mbili, ikamwagwa. Sufuria yenyewe ilikaa siku nzima bila kutumika, ndipo ikachovywa katika maji yanayotokota. Tangu siku hiyo, nikiwa na shaka, nauliza kabla mkono haujagusa kitu.

Wala msichukulie kwamba kambi zote zinafanana. Zipo ambazo gitaa hupigwa usiku wa Sabato, na zipo ambazo kuwasha taa tu ni kuvunja siku hiyo. Wapo wasiopeana mkono na mtu wa jinsia nyingine, jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mara mbili. Mkisikia ukumbi mzima ukigonga meza baada ya chakula, si ugomvi, ni sala ya shukrani. (Mimi nilitoka mbio jikoni na mwiko mkononi.) Katikati ya msimu huwa pia kuna mfungo wa Tisha B'Av, wa kukumbuka kubomolewa kwa Hekalu la Yerusalemu, ambapo watu huketi chini na kusoma Maombolezo, hata siku hiyo jiko halifungwi, kwa kuwa watoto wadogo hawafungi.

Kinachochosha kuliko vyote ni Sabato. Ijumaa chakula cha siku mbili huwa tayari kabla jua halijazama, na cha moto huachwa juu ya bati lililofunika meko yaliyowashwa mapema. Kwetu mashine ya kuoshea vyombo haikuguswa hadi Jumamosi usiku, nyota tatu zilipoonekana na mshumaa wa kusukwa wa kuagia Sabato kuzimwa ndani ya divai. Jueni kwamba mwezi Juni nyota hizo huchelewa hadi baada ya saa tatu usiku, na vyombo vya milo mitatu vinawangoja; basi Jumamosi mchana, wenzenu wanapowaita ziwani, laleni.