Kuiita mizani ya Mbozi kupitia mtandao wa kuchati

Kompyuta ndogo iliyofungwa kwenye mizani ya kahawa huko Mbozi hutumia laini ya simu, na kwa kawaida laini hiyo haina anwani ya intaneti inayofikika kutoka nje. Ukiwa Mbeya mjini huwezi kuigongea mlango. Yenyewe, hata hivyo, inaweza kutoka na kuingia kwenye seva ya XMPP, itifaki ya kuchati iliyoanza kwa jina la Jabber mwaka 1999, kupitia poti 5222. Ikishaingia, programu ya ofisini inaiita kwa njia hiyohiyo.

Kwa seva, Prosody ni nyepesi na inatosha; kwa lugha ya Python ipo maktaba ya slixmpp. Wito, yaani ombi la kuitaka mizani ifanye kazi fulani, hufungwa ndani ya iq (ujumbe wa XMPP wa kuomba na kujibiwa) ya aina ya set, ukiwa umebeba methodCall ya XML-RPC, mtindo wa kuita kazi za kompyuta ya mbali kwa maandishi ya XML (kiongezo XEP-0009 cha XMPP). Jibu hurudi na id (alama ya utambulisho) ileile.

Wengi hukwama kwenye anwani. Tuma kwa anwani kamili, mfano mizani3@example.org/kazi. Ukiishia kabla ya mkwaju (/), seva ndiyo inayojibu, tena kwa kosa la service-unavailable, hata kama mizani iko hewani. Jina la baada ya mkwaju lipange mwenyewe. Ukiiachia seva, huenda likabadilika kila mizani inapoingia upya.

Balaa lenyewe ni umeme. Ukikatika, mizani haiagi. Seva hudhani bado ipo na wito hupotelea njiani. Seva iipigie ping (ujumbe mfupi wa kuuliza kama bado ipo) kila sekunde 60, na mizani nayo ipige, maana laini iliyokaa kimya muda mrefu hukatwa. Subiri jibu sekunde 30, kisha acha. Lakini usidhani kazi haikufanyika: huenda gunia limeshaandikwa na kilichopotea ni jibu tu. Ukirudia wito hivihivi, mkulima anahesabiwa gunia mara mbili. Kila wito ubebe namba yake ya muamala, na unaporudiwa namba iwe ileile. Mizani iziandike diski, si kwenye memori, na ikikutana na namba ya zamani irudishe jibu la zamani. Id ya iq haifai hapa, kwani kila jaribio huja na mpya.

Jingine dogo ila linauma: namba kamili (isiyo na desimali) ya XML-RPC ni ya biti 32, mwisho wake 2,147,483,647. Namba ya simu inayoanza na 255 haienei humo. Itume kama string, yaani maandishi.

Mwisho, mizani ikague anwani ya anayeita kabla ya kutekeleza chochote, na kwenye Prosody usajili wa wazi, wa mtu yeyote kujifungulia akaunti, ubaki umefungwa: allow_registration = false.