"Unknown encoding" kwenye .exe: kosa linalotaja mtu asiyehusika

Programu inakwenda vizuri ukiiendesha kwa Python ya kawaida. Ukishaifungasha kwa PyInstaller (zana ya kugeuza programu ya Python kuwa .exe), inaanguka pale tu inapotaka kuingia mtandaoni: `LookupError: unknown encoding: idna`. Wengi huamua kwamba moduli ya idna (usimbaji wa majina ya tovuti) imesahaulika. Mara nyingi imo.

Python haitafuti usimbaji wa herufi kwa mstari wa `import` ulioandikwa kwenye faili lako. Huchukua jina ulilotaja, hulibandika mbele yake `encodings.`, kisha hujaribu kuifungua moduli hiyo programu ikiwa tayari inaendelea. Kifungashio kinachosoma mistari ya `import` peke yake hakiwezi kuliona hilo. Ndiyo maana PyInstaller hubeba `encodings` yote bila kuambiwa. Kwenye cx_Freeze, kifungashio kingine, andika `"encodings"` ndani ya `packages` uwe na uhakika.

Utata wenyewe uko hapa: `encodings/__init__.py` humeza kimyakimya kila `ImportError`, yaani kosa la moduli kushindwa kufunguka. Idna inategemea `stringprep` na `unicodedata`. Ikikosekana `unicodedata.pyd` (faili la moduli hiyo kwenye Windows), idna haifunguki, nawe unaambiwa usimbaji haujulikani. Gbk, usimbaji wa Kichina, nayo hutegemea `_codecs_cn`, na shift_jis, wa Kijapani, hutegemea `_codecs_jp`. Zote mbili zinataka `_multibytecodec`.

Kwa hiyo lazimisha ukweli utoke. Juu kabisa ya faili kuu andika:

`import encodings.idna`

Fungasha upya bila `--windowed` (chaguo linaloficha dirisha la ujumbe), kisha endesha .exe kutoka cmd ili ujumbe usipotee dirisha likijifunga. Sasa utasoma kitu kama `No module named 'unicodedata'`, na hapo umeshamjua mkosaji. Mstari huo uache hapohapo, maana unakionyesha kifungashio moduli inayohitajika.

Angalia kwanza `excludes`, orodha ya moduli zisizobebwa, kwenye faili la .spec, yaani faili la maelekezo ya PyInstaller. Watu huiondoa `unicodedata` kupunguza ukubwa, kwa faida ya takriban MB 1 tu. Haifai. Ukiitoa humo na bado haionekani, ongeza kwenye .spec hiyohiyo:

`hiddenimports=['unicodedata', 'stringprep', 'encodings.idna']`

Halafu jenga kwa `pyinstaller --clean programu.spec`. Ukitaja `programu.py` badala ya .spec, PyInstaller itaiandika .spec upya na marekebisho yako yote yatafutika; hili huwapotezea watu muda mwingi kuliko kosa lenyewe. Baada ya hapo ingia `dist`: kuanzia PyInstaller 6, ukijenga kwa folda kwenye Windows, `unicodedata.pyd` inapaswa kuwa ndani ya `_internal`, na `base_library.zip` ukiifungua kama zip yoyote utaikuta `encodings/idna.pyc`.

Ukikutana na `UnicodeEncodeError: 'charmap'`, hakuna moduli iliyokosekana. Hapo mara nyingi Windows imechagua yenyewe usimbaji wenye herufi chache, kama cp1252; weka `encoding="utf-8"` kwenye kila `open()` ya faili la maandishi.