Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Boti Inayogoma Kuwaka Asubuhi

Mashine yangu ya dizeli ni ya silinda 2. Asubuhi napiga stata mpaka betri inachoka, lakini ikishawaka, kutwa nzima haisumbui. Nimeshauriwa kununua nozeli mpya. Ninunue?

Bado. Nozeli, yaani vipulizio vya dizeli ndani ya silinda, ni ghali, na mara nyingi hazina kosa. Anza kwa kuangalia ekzosi mtu mwingine akipiga stata. Ukiona moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli, mafuta yanafika silindani ila hayaungui, maana joto halitoshi. Usipoona moshi wowote, mafuta hayafiki, na hilo tunalijibu katika swali linalofuata.

Tuseme moshi upo. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa na pistoni. Stata ikizungusha polepole, hewa hiyo hupata muda wa kuvuja kwenye ringi za pistoni, na joto lake huishia kwenye chuma baridi. Kwa hiyo umeme ndio wa kwanza kupimwa. Weka mita kwenye vichwa vya betri wakati stata inazunguka: kwa betri ya volti 12, ikishuka chini ya 10 hivi, betri imechoka au haijajaa. Kisha pima kati ya kichwa cha hasi cha betri na bloku ya mashine, stata ikiwa bado inazunguka. Ukipata zaidi ya nusu volti, umeme unapotea kwenye waya au kwenye maungio yenye kutu. Fungua, sugua mpaka chuma king'ae, kaza. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kati ya betri na boliti ya stata.

Halafu njoo kwenye plagi za joto, zile zinazopasha silinda kwa umeme kabla ya kupiga stata. Ondoa kipande cha chuma kinachoziunganisha, pima kila moja peke yake. Nzima husoma karibu omu 1; ikiwa mita haisomi kitu, plagi imekufa. Kwenye mashine ya silinda 2, plagi moja ikifa umepoteza nusu ya msaada wote. Mafundi wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea: pima pia volti zinazofika kwenye plagi swichi ikiwa imebonyezwa. Swichi iliyoliwa na chumvi inaweza kupitisha volti 8 tu, na plagi nzima kabisa ikabaki vuguvugu. Dawa ni relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) karibu na mashine na waya mnene. Bonyeza sekunde 15 hivi, au kadiri kitabu cha mashine kinavyosema, kisha piga stata papo hapo.

Haya yote yakiwa sawa na moshi mweupe ukaendelea, sasa peleka nozeli zikapimwe na upime kompresheni, yaani mbano wa hewa silindani. Wakati wa kurudisha nozeli, weka pete (washa) mpya za shaba.

Mashine inawaka, inakwenda dakika chache, inakata. Nikitoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mabomba ya dizeli, inawaka tena. Sioni dizeli ikivuja popote.

Hutaiona. Tanki likiwa chini ya mashine, mafuta kati ya tanki na pampu ya kuvuta hunyonywa, kwa hiyo penye ufa hewa huingia ndani badala ya dizeli kutoka nje. Mashine ikilala usiku, hewa hiyo huiacha dizeli irudi tankini, ndiyo maana asubuhi huwa ngumu zaidi.

Usihangaike kukaza kila nati. Chukua jerikeni safi ya lita 5, iweke juu kuliko mashine, unganisha mpira moja kwa moja kwenye pampu ya kuvuta, na mpira wa mafuta yanayorudi uuingize humo humo. Toa upepo, acha mashine ifanye kazi nusu saa. Isipokata, kosa liko nyuma ya pampu, upande wa tanki: oringi (pete ya mpira) ya chujio linalotenga maji na dizeli, mpira uliopasuka kwenye klempu, au mrija ndani ya tanki ulioziba kwa uchafu. Ikikata, kosa ni pampu yenyewe au mbele yake, upande wa nozeli. Kabla ya yote, fungua mfuniko wa tanki mara inapokata. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu la kupumulia limeziba.

Katika kutoa upepo, anzia skrubu ya chujio dogo, kisha ya pampu ya nozeli, mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli. Kaza kila moja dizeli ikiwa bado inatoka bila mapovu. Wenzo wa kusukumia dizeli kwa mkono kwenye pampu ya kuvuta ukiwa hauna nguvu, kemu (nundu la shafti linaloiendesha pampu) imeushikilia. Zungusha mashine mzunguko mmoja ujaribu tena. Vaa miwani.

Nilipiga stata muda mrefu, mara ikagonga "ta!" na mashine haizunguki tena.

Usilazimishe. Pampu ya maji ya bahari huendelea kusukuma maji wakati wote wa stata, na bila mashine kuwaka hakuna nguvu ya kuyatoa kwenye ekzosi. Hujaa na kurudi silindani. Maji hayabaniki, hivyo ukiendelea utapinda konrodi, mkono unaoshika pistoni. Toa nozeli, zungusha mashine kwa spana mpaka maji yaishe, mwaga yaliyo kwenye mafla. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, ibadilishe mara moja, na tena baada ya kuipasha mashine kidogo.

Siku nyingine, stata isizidi sekunde 10 kwa mara moja. Ikigoma mara mbili, funga koki ya maji ya bahari, na uifungue mara tu mashine inapowaka, kwani impela (gurudumu) ya mpira ndani ya pampu hiyo huungua upesi ikikosa maji.

Je, naweza kupulizia etha, ile dawa ya kopo ya kuwashia, kwenye njia ya hewa ya mashine?

Mashine yenye plagi za joto, usithubutu: etha hulipuka ikigusa plagi iliyopata moto. Hata isiyo na plagi, mlipuko huja pistoni ikiwa bado inapanda, na ringi huvunjika.