Michoro ya Tiébélé: mbona mvua haiifuti?

SWALI: Shikamoo mama. Nimeona picha za nyumba za udongo za Burkina Faso, kuta za nje zimejaa pembetatu nyeusi na nyeupe juu ya wekundu. Mume wangu anasema hiyo ni rangi ya dukani, vinginevyo mvua ingeifuta msimu wa kwanza tu. Ni kweli? Na je, naweza kuchora hivyo kwenye ukuta wetu wa saruji?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto kwamba rangi hizo zimechimbwa. Nyumba ulizoziona ni za Wakassena wa Tiébélé, kusini kabisa, karibu na mpaka wa Ghana. Wekundu ni udongo, weupe ni jiwe laini lililosagwa, weusi nao hutoka kwenye mawe meusi. Siku hizi wapo wanaotumia lami kwa weusi. Mimi siupendi, unang'aa mno mbele ya udongo ule mpole.

Sasa mvua. Wanaume hujenga, wanawake husiriba na kuchora, kazi ya kiangazi, mavuno yakishaingia ndani. Udongo wa kusiriba huchanganywa na samadi ili ushikamane. Rangi ikishapakwa, akina mama huchukua mawe laini ya mviringo na kusugua, mstari kwa mstari, mpaka rangi na ukuta viwe kitu kimoja. Nilisiriba kuta nikiwa msichana, na najua ukuta uliosuguliwa kwa jiwe hauachi vumbi kiganjani. Mwisho huchemsha maganda ya matunda ya mti uitwao néré, na maji yake ya kahawia hupakwa juu ya kila kitu. Yakikauka, matone huteleza. Hata hivyo ukuta huchoka, na baada ya miaka michache kazi hurudiwa.

Zile pembetatu zako ni vipande vya kibuyu kilichovunjika. Kuna pia nyavu za samaki, na chatu na mamba waliofinyangwa wakatokeza ukutani. Kinachonigusa zaidi ni nyumba ya wazee, yenye umbo la namba 8: mlango wake ni mfupi mno, unaingia umeinama, na ndani unakutana na kijiukuta cha kuruka. Adui angeingia na kichwa mbele, anasubiriwa. Ngome ya namna hiyo ndiyo wanawake wameivika urembo wote huo! Boma la kifalme la hapo liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024.

Ukuta wako wa saruji uache. Udongo haushiki vizuri kwenye saruji laini, utabanduka vipande vipande. Kama mna jiko au banda la udongo uani, anzia hapo, sehemu ndogo isiyozidi upana wa mkeka. Uchore plasta ikiwa bado na unyevu, na jiwe la kusugulia uwe umeshalitafuta kabla hujakanda udongo.