Omba kwa Barua, Usiombe kwa Mdomo

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa mwaka wa kwanza anayesoma chuo hapa hapa Mbeya. Ameniruhusu niutumie bila jina lake. "Dada, shikamoo. Natembelea magongo. Vipindi vyangu vitatu viko ghorofa ya pili, na mvua ikinyesha ngazi zinateleza. Niliongea na watu wa ofisi wiki ya kwanza wakasema wanalifanyia kazi. Sasa ni wiki ya sita. Nifanyeje?"

Nilisoma mara mbili, nikaiweka simu pembeni. Tunalifanyia kazi. Kwa maneno hayo mawili mimi nilipoteza mwaka mzima Iringa.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mtu mwenye ualbino, mzaliwa wa Tukuyu, sasa ni mwalimu wa sekondari. Watu wakiniona wanafikiria ngozi. Macho hawayajui. Ualbino huja na uoni hafifu kwa sababu ile sehemu ya katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ambayo ndiyo ya kusomea, haikui ikakamilika. Ndiyo maana miwani hutusaidia lakini haimalizi tatizo. Halafu macho yenyewe yanachezacheza, kushoto kulia, kushoto kulia, hayatulii. Mwenye macho ya namna hii hutafuta pembe moja ambapo yanatulia kidogo. Pembe yangu iko kulia, kwa hiyo nikitaka kusoma vizuri nageuza uso kushoto, macho yanabaki kulia kufuata karatasi. Sikufundishwa na mtu. Nimefanya hivyo tangu darasa la kwanza.

Sekondari sikuwahi kuomba chochote. Baraza la Mitihani lilikuwa linaleta karatasi zenye maandishi makubwa, na muda wa nyongeza upo kwenye taratibu zake: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Mwalimu mkuu alishapeleka taarifa zangu, mimi kazi yangu ikawa kusoma tu. Nikatoka kidato cha sita na daraja la kwanza, nikaingia chuo kimoja cha Iringa, sitakitaja, nikiwa na shabaha moja kichwani: GPA, yaani wastani wa alama, ya 4.4, inayokupa daraja la kwanza. Najua na wewe unayesoma hapa unaitaka hiyo hiyo.

Nilidhani chuo nako mambo yatanifuata kama yalivyonifuata sekondari. Hayakunifuata. Wiki ya kwanza nilimsubiri mhadhiri mlangoni, nikamweleza. Akasema sawa, kaa mbele. Nikamwambia CR wetu, yule mwakilishi wa darasa, akasema atafikisha. Nikaenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, nikapokewa vizuri, nikaambiwa wanalifanyia kazi. Nikashukuru nikaondoka. Sikuandika hata mstari mmoja, na ukweli ni kwamba sikutaka kuandika. Niliona nikiandika barua nitakuwa yule mwanafunzi msumbufu mwenye mahitaji. Nilitaka nionekane naweza.

Testi ya kwanza ya Takwimu ndiyo iliyonifundisha. Karatasi ilikuwa kopi ya kopi, maandishi madogo, wino umefifia, na swali la pili lilikuwa na jedwali la namba. Niliinama mpaka pua ikagusa karatasi. Namba 3 na namba 8 zilikuwa kitu kimoja. Nikageuza uso kushoto, kwenye pembe yangu, nipate walau kutofautisha. Nikasikia viatu vya msimamizi nyuma yangu. "Wewe! Angalia karatasi yako." Nikajaribu kueleza. Akasema nimeonekana nikimchungulia wa kushoto, na kama sioni, nilikuja chuo kufanya nini. Ukumbi mzima ulisikia.

Akanihamisha. Akanipeleka kwenye kiti cha peke yangu, dirishani, saa nne ya asubuhi, jua la Iringa limeingia lote mezani. Macho yangu hayana rangi ya kutosha ya kuzuia mwanga. Karatasi nyeupe juani, kwangu mimi, ni sawa na kutazama bati jipya. (Na wenzangu wenye ualbino, baridi ya huku isiwadanganye. Iringa na Mbeya ziko juu ya mita 1,500, na kadiri unavyopanda ndivyo miale inavyozidi ukali, hata siku ya mawingu. Kofia na losheni ya jua ni kila siku. Kilisun inatengenezwa Moshi kwa ajili yetu, tuitumie.)

Nilipotoka, rafiki yangu alitoa leso akanifuta wino puani, hakusema neno. Nilipata 7 kati ya 20. Mwisho wa muhula nikasapu somo hilo, yaani nikalazimika kurudia mtihani wake.

Aliyenitoa hapo ni mama mmoja wa stesheneri, Kihesa. Nilikuwa naenda kwake kukuza notsi, anabonyeza 141 kwenye mashine ya kopi na ukurasa wa A4 unatoka A3. Siku hiyo nilimsalimia kamwene kama kawaida yetu, akaona sauti haiko sawa. Nikamweleza yote. Akavuta daftari lake la madeni kutoka chini ya kaunta, akaliweka mbele yangu. "Mwanangu, mimi hata shilingi mia tano naiandika. Wewe unadai kitu kikubwa hivyo kwa mdomo?" Akawasha kompyuta, akaniambia kaa hapa, sema, nakuchapia.

Tukaandika barua ya ukurasa mmoja. Kwenda kwa Mshauri wa Wanafunzi, nakala kwa Mkuu wa Idara. Aya ya kwanza mimi ni nani, namba ya usajili, programu ninayosoma. Aya ya pili macho yangu yanafanya kazi vipi, kwa lugha ya kawaida, pamoja na hilo la kugeuza uso. Aya ya tatu ninaomba nini hasa: karatasi za testi na mitihani kwa maandishi ya ukubwa wa 20, dakika 10 za nyongeza kwa kila saa, kiti cha mbele kilichogeukia mbali na dirisha, slaidi zitumwe usiku wa kabla ya kipindi, na wasimamizi waelezwe kuhusu kichwa changu kabla mtihani haujaanza. Nikaambatisha kopi ya fomu ya ulemavu niliyoijaza nilipoomba mkopo, ile iliyosainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya. Wengi mkishaituma Bodi ya Mikopo mnaisahau. Itunzeni, ni ushahidi tayari.

Nikapeleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, nirudi nayo. Dada wa masjala aliuliza kwa nini nataka muhuri kwenye nakala yangu, nikamjibu kwa upole kwamba ni ya kumbukumbu zangu. Siku ya tisa nikaitwa. Karibu yote niliyoomba nikapewa, na la slaidi likategemea mhadhiri na mhadhiri.

Mwaka wa pili na wa tatu sina cha kusimulia, nilisoma. Nilimaliza na 4.2. Ile sapu ya Takwimu niliifaulu vizuri sana, lakini chuoni kwetu sapu hata upate mia inaandikwa C. C ile iko kwenye transkripti yangu mpaka leo. Nimeshapiga hesabu mara nyingi za GPA yangu bila C ile, na bado huwa naipiga.

Sasa kwako mdogo wangu wa magongo. Andika barua. Najua ulishaongea nao, andika hata hivyo, na useme ndani yake kwamba uliongea nao tarehe fulani na ulijibiwa nini. Usianze kwa kuomba lifti, lifti ni bajeti, na bajeti ndiko "tunalifanyia kazi" inakokaa miaka. Omba vipindi vyako vitatu vihamishiwe ukumbi wa chini. Hiyo ni kubadilishana vyumba na darasa jingine kwenye ratiba, mtu wa ratiba anaifanya kwa kalamu. Taja majina ya vipindi, siku na saa, ili asipate kazi ya kutafuta.

Na utaje sheria, kwa adabu, mstari mmoja. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 24 ya mkataba huo inataja elimu ya juu waziwazi kwamba iende na marekebisho yanayofaa, na Ibara ya 2 inahesabu kunyimwa marekebisho hayo kuwa ubaguzi. Mtu akijua kwamba unajua, hata sauti yake inabadilika.

Ninyi mnaoficha ulemavu wenu, nawaambia kwa upendo: acheni. Unakaa kiti cha nyuma husikii, unaitikia kwa kichwa, unanakili kwa jirani, halafu matokeo yakitoka unalia peke yako kwenye vimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, vikiwa vitupu. Nimelia hapo, napajua. Andika barua wiki ya kwanza, kabla ya testi, kwa sababu barua inayokuja baada ya kufeli inasomwa kama kisingizio.

Na ninyi wahadhiri. Wapo kati yenu wanaosema kutupa marekebisho haya ni upendeleo. Testi ile ilikuwa ya Takwimu. Nilijua kukokotoa wastani na mchepuko sanifu kuliko nusu ya ukumbi. Kilichopimwa siku ile ni kama naweza kutofautisha 3 na 8 kwenye kopi mbovu juani, na hilo halimo kwenye mtaala wa chuo chochote. Karatasi moja ya maandishi makubwa inagharimu wino wa sarafu. Mwanafunzi akigeuza kichwa, muulize kwanza, tena kwa sauti ya chini.

Mimi mwenyewe nasimamia mitihani sasa. Kabla ya kengele napita meza kwa meza, nauliza kila mmoja kama anaona vizuri alipokaa. Mwaka huu binti mmoja alinyoosha mkono akasema mwanga unamuumiza. Tulisogeza meza yake, tukaanza.

Mdogo wangu, nitumie rasimu ya barua yako kabla ya Ijumaa, niipitie usiku huo huo. Jumatatu asubuhi uipeleke, nakala mbili. Kama ofisi yao nayo iko ghorofani, nipigie, nitakuja niipandishe mimi.