Ukianza kumfundisha kazi kijana mwenye ulemavu wa akili

Kosa la kwanza la mkufunzi mgeni ni kusaidia haraka. Kijana anasimama mbele ya beseni, anatazama, mikono imetulia. Sekunde tatu hazijaisha, wewe umeshasema "chukua sifongo". Kesho yake anasimama tena akiisubiri sauti yako. Mwezi ukiisha anaosha vyombo vizuri kabisa ukiwapo, lakini ukitoka nje kupokea simu kazi inalala. Usiseme hajajifunza. Amejifunza kwamba hatua ya kwanza ya kuosha vyombo ni wewe kusema.

Basi zoea kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hujafungua mdomo. Hilo ni gumu kuliko yote yatakayofuata.

Kabla ya siku ya kwanza, kaa na familia uulize mambo machache: ana kifafa? Alianguka lini mara ya mwisho? Dawa anameza saa ngapi? Mwenye kifafa kisichotulia usimweke kwenye karai la mafuta ya moto wala mashine ya kukoboa, hata kama mwenye kazi anakuhakikishia kuwa atamwangalia. Akianguka, mlaze ubavu na usimtie chochote mdomoni. Uliza pia kama amewahi kupimwa masikio na macho, hasa wenye Down sindromu (hali ya kuzaliwa nayo inayoambatana na ulemavu wa akili), maana matatizo ya kusikia na kuona kwao ni ya kawaida. Mara nyingi anayeitwa mbishi ni mtu asiyekusikia.

Sasa chukua kazi ya kuosha vyombo kwa mama lishe, kazi inayopatikana karibu kila mtaa. Tumezoea kusema "osha vyombo" kana kwamba ni tendo moja. Osha mwenyewe kwanza, polepole, ukiandika kila kinachofanywa na mikono yako: kukung'utia makombo kwenye ndoo, kujaza maji beseni la kwanza, kutia sabuni, kutumbukiza sahani, kusugua mbele, kusugua nyuma, kusuuza mara ya kwanza, kusuuza mara ya pili, kupanga kichanjani. Ukiandika kwa makini utafika hatua kumi na mbili hivi. Akikwama kwenye hatua moja, ikate mara mbili.

Maneno kama "kiasi" na "vizuri" yatupe. Chora mstari ndani ya beseni kwa rangi ya kucha, maji yaishie hapo. Sabuni ni vifuniko viwili vya chupa. Sahani ni tano kwa mara moja, kwa sababu rundo la sahani arobaini humkatisha tamaa hata asiye na ulemavu, na beseni likijaa sana ndipo glasi zinapovunjika. Glasi zitangulie, sufuria za mafuta ziwe mwisho, la sivyo kila kitu kitatoka kikiteleza na utamlaumu yeye.

Ufundishaji uanzie mwisho. Fanya kazi yote wewe, umwachie hatua moja tu ya kupanga kichanjani. Akiifanya bila kukumbushwa siku tatu mfululizo, mwongezee ile iliyoitangulia. Hivyo kila siku kazi inamalizikia mikononi mwake, naye anaona vyombo vimeisha. Ukianzia mwanzo, siku nyingi ataachwa katikati huku wewe ukimalizia, na ladha ya kumaliza inabaki kwako.

Msaada nao una ngazi: kumshika mkono (kwa ridhaa yake), kumwonyesha, kunyoosha kidole, kisha kimya. Utashangaa sauti haimo. Sauti ni rahisi kuitoa na ngumu kuiondoa, ilhali kidole kinaweza kupungua taratibu mpaka kikabaki jicho tu, na jicho likaisha. Kwenye daftari andika herufi moja kwa kila hatua: M kwa mkono, O kwa kuonyeshwa, K kwa kidole, P kwa peke yake. Herufi isipobadilika siku tano, acha kumkazania kijana na kagua hatua yenyewe. Pengine beseni liko chini mno, au amesimama gizani.

Pesa zifundishwe kwa noti halisi. Karatasi za mfano hazifanani na kitu chochote dukani. Asiyeweza kujumlisha atumie njia ya "na moja juu": akisikia "elfu tatu na mia nne", anahesabu noti tatu za elfu moja, anaongeza moja, kisha anasubiri chenji bila kuondoka. Anachohitaji ni kulishika lile neno la mwanzo tu. Mfundishe na lugha ya mtaani, buku na jero, kwa kuwa konda wa daladala hasemi "shilingi mia tano".

Saa ina mtego wake. Bosi anasema njoo saa mbili, simu inaandika 08:00. Usipoteze wiki ukimfafanulia. Tega kengele kwenye kiswaswadu chake, moja ya kuamka na nyingine ya kutoka nyumbani, afundishwe kila mlio unadai nini.

Kuna jambo familia hulionea aibu. Kijana aliyekuwa akikumbatia kila mgeni akiwa na miaka minane alichekewa. Akiwa na miaka ishirini na mbili, mteja atakimbia. Tena mwenye mazoea ya kukumbatiwa na yeyote hawezi kujilinda na anayemdhuru. Shikamoo yenye mkono mmoja inatosha. Na neno "hapana" alifanyie mazoezi kwa sauti, hata kwako wewe. Na umwite kwa jina, usimwite "mtoto".

Kwa mwajiri usiingie ukitanguliza sheria, ingawa ipo: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ya Tanzania inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Ingia na kazi mahususi: "huyu anaweza kuosha vyombo vya asubuhi, saa mbili hadi saa nne." Malipo yaandikwe mapema, kwani "tutampa nauli" huwa ndiyo mshahara wa miaka mitatu.

Wiki ya kwanza kaa naye muda wote. Ya pili, mwanzo na mwisho tu. Katikati ya hapo tafuta mfanyakazi mwenzake, si bosi, ambaye kijana atamuuliza sabuni ikiisha, na umwonyeshe huyo mwenzake namna ya kusubiri hesabu ya kumi. Siku ya kwanza ya kumwacha peke yake usibaki nyumbani. Kaa duka la jirani, simu ikiwa wazi, na usivuke barabara kabla hujaitwa.