Kuzuru Makaburi ya Mashekhe na Masharifu: Maswali ya Wasomaji

Maswali ya safari hii yote yanahusu ziara, na mengi yametoka hapa Bagamoyo, mji wa Sheikh Yahya bin Abdallah Ramiya, kiongozi wa tarika (njia ya Kisufi) ya Kadiria aliyefariki mwaka 1931.

Asalaam alaykum, Sheikh. Je, kuzuru makaburi kumeruhusiwa?

Waalaykumu salaam. Kumeruhusiwa. Mtume (s.a.w.) alikataza hapo mwanzo, kisha akaamrisha watu wazuru, kama ilivyopokewa na Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi.

Mimi ni mkazi wa Tanga. Je, nikifunga safari kuja Bagamoyo kwa ziara tu, ninakwenda kinyume na hadithi ya misikiti mitatu?

Hadithi hiyo ni sahihi, na inasema kwamba hazifungwi safari ila kwenda misikiti mitatu: wa Makka, wa Madina na wa Baitul Maqdis (Yerusalemu). Mwanazuoni Ibn Taymiyya aliifahamu kuwa inakataza pia safari ya makaburi, ilhali Imamu Nawawi, ambaye sisi wa pwani tunamfuata katika madhehebu ya Shafii, aliona kwamba inazungumzia ubora wa misikiti hiyo juu ya misikiti mingine. Njoo, ndugu yangu, wala usimwite mpotevu jirani yako asiyekuja.

Bibi yangu hunipeleka Kaole kwenye kaburi la sharifa (mwanamke wa ukoo wa Mtume), tukafukiza ubani, naye humwomba marehemu anipatie mtoto. Je, ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu?

Swali hili limenigusa, kwa sababu najua uchungu wa mwanamke anayesubiri mtoto, na najua pia kwamba bibi yako anakupenda. Hata hivyo, kila rakaa tunasoma katika Fatiha kwamba Mwenyezi Mungu peke yake ndiye tunayemwabudu na ndiye tunayemwomba msaada. Anayesema, "Ewe Mola, kwa heshima ya mja wako huyu, niruzuku," amemwomba Mungu, na hiyo ndiyo tawasuli ambayo wanazuoni wamehitilafiana juu yake. Lakini anayemwambia marehemu, "Nipe mtoto," amemwelekezea kiumbe ombi lisilomfaa ila Muumba. Basi usimhukumu bibi yako, maana wazee wengi hutamka la pili huku wamekusudia la kwanza. Mkalishe kitako, umrekebishe maneno kwa adabu. Mkifika kaburini toeni salamu, mwombeeni yule sharifa rehema na maghufira, kwani yeye ndiye anayehitaji dua yenu, kisha mwinulie Mola mikono juu ya haja yako. Nadhiri nayo huwekwa kwa Mwenyezi Mungu tu, na sadaka yake ni bora ipewe masikini wa Kaole kuliko kuachwa juu ya jiwe.

Je, wanawake tunaruhusiwa?

Wanazuoni wengi wa Kishafii wameona ni makuruhu (jambo lisilopendeza ingawa si haramu), wakichelea vilio na maombolezo, na wengine wameruhusu. Mtume (s.a.w.) alimkuta mwanamke akilia kaburini, akamwambia amche Mungu na asubiri, wala hakumwambia aondoke, kwa hiyo mimi simzuii aendaye kwa stara na utulivu.

Tunataka kumjengea mwalimu wetu kuba. Tufanye?

Sahaba Jabir amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kupaka kaburi chokaa, kulikalia na kulijengea. Wekeni alama ya kulitambulisha, na fedha mlizochanga mtengenezee paa la madrasa yake.